Chupa Tisa za Chai za Madam Orpah

Mwalimu Orpah Nyakerario anastaafu Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, siku atakayotimiza miaka sitini. Amefundisha miaka thelathini na sita, yote hapa hapa kwetu. Kwa kuwa siku hiyo shule itakuwa imefungwa, tunamuaga leo Ijumaa tarehe 1, siku ya kufunga muhula wa pili. Sherehe inaanza saa nne asubuhi ili ndugu zetu wa Sabato wawe wamefika makwao kabla jua halijatua.

Katika ratiba ya leo mtaona nambari sita imeandikwa "Neno la mstaafu". Wageni wawili waliomsalimia wameshaniuliza kama Madam ana mafua. Si mafua. Sauti yake ilikatika mwaka jana, na madaktari wamesema haitarudi kama ilivyokuwa. Ninayeandika haya ni Onchiri, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye pia hupanga ratiba ya masomo ya likizo. Kwa kawaida makala kama hii huanza kwa sifa, na sifa zipo nyingi, lakini hilo la ratiba nimeliweka mbele kwa sababu.

Alikuja Mei 1989 akiwa na sanduku la bati, viatu vya mvua na sauti. Shule wakati huo ilikuwa na madarasa manne, na chini yetu, kama ilivyo leo, palikuwa na kituo cha kupimia majani chai. Sauti ya Madam haikuwa na habari na kuta. Wakulima waliopanga foleni na vikapu vyao walisomeshwa Kiswahili bila karo, na wengine wao mpaka leo wanajua methali nyingi kuliko watoto wao.

Kuna siku Mzee Machogu alipanda mlima akiwa bado amevaa aproni ya plastiki ya kuchumia, akabisha dirishani katikati ya kipindi. "Madam, nimeacha majani yangu kwa mizani," akasema. "Hiyo kuku imetaga kwa miiba ni nini? Kengele ililia jana kabla useme." Darasa zima likamjibu kwamba ni nanasi. Mzee akasema hata yeye alikuwa akishuku hivyo, akashuka zake. Karani alikuwa amekwisha kuwapimia watu watano waliokuwa nyuma yake.

Madam alifundisha Kiswahili na Dini, akafundisha kwaya, akawa mama wa kila mtoto aliyeletwa hapa akilia. Insha zake alizisahihisha kwa kalamu nyekundu na hakuogopa kumwandikia mwanafunzi, au mwalimu mwenzake, neno moja tu: "Rudia." Nani kati yetu hajawahi kuandikiwa "Rudia"? Mimi niliandikiwa nikiwa tayari naibu, kwa barua ya kuwaalika wazazi.

Miaka ile ya kwanza likizo ilikuwa likizo. Muhula ukifungwa, Madam alishuka kwake Nyacheki na kwa wiki nzima alikuwa haongei. Mumewe, Mzee Jethro, anasimulia kwamba majirani walidhani wamekosana. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, anamenya ndizi za kupika, anaangalia kuku, na mtu akimwita anajibu kwa mkono. Hakuna semina iliyomfundisha. Alijua tu kwamba koo lililofanya kazi miezi mitatu linahitaji kulala, akalilaza. Muhula ukifunguliwa, wakulima kule chini walijua amerudi.

Halafu sisi tukaja na masomo ya likizo. Yalipopigwa marufuku tuliyabadilisha jina tukaendelea nayo. Watoto walikuwa wengi, mtihani ulikuwa karibu kila wakati, na wazazi walitaka kuona moshi ukitoka jikoni kwa shule hata Desemba. Mwaka 2014 niliketi nikabuni zawadi. Mwalimu ambaye hatakosa hata siku moja ya masomo hayo, Desemba, Aprili na Agosti, apewe chupa ya chai, ile kubwa ya lita mbili, na jina lake lisomwe mbele ya wazazi. Nilijiona mjanja. "Punda afe, mzigo ufike," nilipenda kusema mkutanoni, na walimu walikuwa wakicheka. Madam Orpah alikuwa akicheka pamoja nao.

Alizoa chupa zote. Ukiacha ule mwaka wa korona, kila Novemba ilikuwa yeye, mpaka zikafika tisa, na tukawa tunamtania kwamba anataka kufungua hoteli. Kigoda cha kule Nyacheki kilibaki cha kuku.

Mwishoni mwa 2022 sauti ilianza kukwaruza. Tulimshauri tangawizi, tukamshauri asali, na mmoja wetu akamshauri vitunguu vibichi. Machi 2023 alikwenda kumwona Ubah, mwanafunzi wake wa zamani, binti wa yule muuza vitambaa wa Nyamira mjini, ambaye sasa anatibu masikio, pua na koo katika kliniki moja Kisii. Ubah alimwangalia kooni kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Mwalimu, hii koo imechoka sana. Usipoipumzisha saa hii, itajipumzisha yenyewe, na hiyo siku haitakuuliza." Akamwandikia karatasi: likizo yote ya Aprili asizungumze kabisa, na ya Agosti vivyo hivyo.

Karatasi hiyo Madam aliniletea mimi. Aliiweka mezani, akasimama. Sikumwambia aketi. Nilikuwa nimekwisha kuandika ratiba ya Aprili na jina lake lilikuwa ndani mara kumi. Nikamwambia, "Madam, hawa watoto wa Form Four tutawaacha na nani? Ni wiki mbili tu. Wewe ongea tu polepole." Akaniangalia. Akasema, "Sawa, deputy. Nimekusikia." Akatoka. Nikaifungia karatasi kwenye droo, na humo ndimo ilimokuwa mpaka wiki iliyopita.

Alifundisha wiki hizo mbili kwa kunong'ona. Baadaye Ubah alitueleza kwamba kunong'ona kwa nguvu ili darasa zima lisikie kunaweza kuumiza koo kuliko hata kupiga kelele. Hatukujua, ni kweli. Lakini karatasi ilisema asizungumze. Haikusema anong'one, na mimi kusoma najua.

Agosti ya mwaka huo hakuleta karatasi nyingine. Mtu huomba mara moja, akinyimwa hajui tena kuomba. Novemba tulimpa chupa ya tisa, nikasoma jina lake mbele ya wazazi, na nilipompa mkono alisema asante bila sauti kutoka. Nilidhani ni furaha.

Tarehe 14 Agosti 2024, Jumatano, katikati ya likizo, alikuwa akiwafundisha Form Four fasihi simulizi. Alitaka kuwaonyesha mtambaji anavyoianza hadithi. Alivuta pumzi akaanza, "Pau..." na neno likakatikia hapo. Watoto, kwa mazoea, wakaitikia "Pakawa!" kwa nguvu. Kisha wakacheka. Kisha wakanyamaza, kwa sababu Madam alikuwa amesimama na mkono kooni, mdomo ukisogea. Walipokuja kuniita nilikuwa ofisini nikipanga ratiba ya Desemba.

Alifanyiwa upasuaji. Kilichobaki ni pumzi yenye mkwaruzo kidogo. Mwaka huu wa mwisho amefundisha kwa ubao na chaki, na darasa lake limekuwa ndilo lenye utulivu kuliko yote shuleni, maana mtoto akipiga kelele anajua Madam hawezi kumshinda, anaona aibu. Kanisani anakaa mahali pake pale pale pa kwaya, amefungua kitabu cha nyimbo, midomo inafuata maneno. Oktoba mwaka jana alipata mjukuu, Nyamoita. Mtoto huyo ana miezi tisa na hajawahi kuitwa jina na bibi yake. Majuto ni mjukuu, Madam mwenyewe alitufundisha, na mimi yangu nayaona yakitambaa kwenye mkeka kila nikienda Nyacheki.

Nilikwenda huko Jumapili tarehe 20 Julai na rasimu ya kwanza ya makala haya, maana sikutaka kuchapisha kitu kabla hajakipitia. Rasimu hiyo ilikuwa tamu sana. Ilikuwa na "chanda chema huvikwa pete", ilikuwa na kwaya, na kilele chake kilikuwa sentensi hii: "Kwa miaka tisa Madam Orpah hakukosa hata siku moja ya masomo ya likizo." Mzee Jethro alinimiminia chai kutoka kwa mojawapo ya zile chupa. Zile nyingine nane zimepangwa juu ya kabati, bado ziko ndani ya karatasi zake za nailoni. Chai ilikuwa ya moto kweli kweli. Madam alikunywa maji ya vuguvugu, kwa sababu chai ya moto amekatazwa.

Alitoa kalamu nyekundu. Alirekebisha makosa mawili ya tahajia, akapiga vema kwenye habari ya Mzee Machogu, na nikamwona akitabasamu. Alipofika kwenye ile sentensi alisimama. Aliipiga mstari katikati, taratibu, akitumia ukingo wa mkono wake kama rula. Pembeni akaandika: "Hii si sifa. Hii ni hasara yangu. Iandike hivyo." Chini kabisa akanipa kumi na moja kwa ishirini, na lile neno ninalolijua.

Nilijaribu kumwomba msamaha. Mzee Jethro aliondoka akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Madam alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwenye upande wa nyuma wa karatasi: "Agosti hii umemwandika nani?"

Nilikuwa nimemwandika Purity. Mnamjua, mwalimu wetu mpya wa Kiswahili, aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha chini ya Madam akabaki. Jina lake lilikuwa kwenye ratiba mara kumi na nne, kwa sababu ni kijana, ana bidii na hakatai. Tangu Juni anakohoa kidogo akifika kipindi cha saba. Nilikuwa nimesikia, ila sikuwa nimesikiliza.

Nilirudi nikaichana ratiba. Mwalimu mkuu hakufurahi, akaniuliza wazazi tutawaambia nini. Nikamjibu awaalike leo, wafike kabla ya nambari sita. Kuhusu Desemba hajaniahidi chochote, na sitawadanganya kwamba ameahidi. Zawadi ya chupa ya chai nimeifuta, hiyo ilikuwa yangu mimi.

Aliyekasirika zaidi ni Purity. Jumatatu wiki hii aliingia chumba cha walimu, akasimama mbele yangu watu wote wakisikia. "Deputy, nimekosa nini?" akauliza, sauti ikikwaruza. "Kama ni kazi, mimi naweza. Hata hiyo chupa sitaki. Lakini ukinitoa, watu watasema mimi ni mvivu." Ningesema nini mimi, na karatasi ya Ubah ilikaa kwenye droo yangu miaka miwili?

Madam alikuwa kwenye kona yake akisahihisha. Aliinuka, akamshika Purity mkono, akauweka kooni pake mwenyewe, pale pale. Kisha akajaribu kumwita jina. Tulimwona akijikaza, mshipa umesimama, macho yamelowa. Purity alisubiri. Chumba kizima tulisubiri jina hilo fupi la silabi chache, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akisikika mpaka kwenye mizani ya chai. Halikutoka. Purity alisema baadaye kwamba kilichofika kiganjani mwake kilikuwa mtetemo tu. Alilia, akaenda kupanga vitu vyake, na kesho kutwa anakwenda kwao Kenyenya. Amemwahidi Madam kwamba hatashika chaki mpaka shule ifunguliwe.

Mwalimu mkuu alipendekeza nambari sita ifutwe ili Madam asione haya. Madam alikataa. Atasimama hapo mbele, nasi hatutapiga makofi wala vigelegele, tutanyamaza naye mpaka atakapoamua kuketi mwenyewe. Tafadhali wageni mzime simu.

Madam Orpah, asante kwa miaka thelathini na sita. Asante kwa kila "Rudia". Hii ni mara yangu ya pili kuiandika kazi hii, na sijui kama imefika hata kumi na tano. Kigoda chako bado kipo nyuma ya nyumba, nimekiona, Mzee Jethro amekipigilia mguu mpya. Kaa. Mtu akikuita, mjibu kwa mkono, hata akiwa ni mimi. Tunakutakia maisha mema, na tunakutakia ile likizo uliyoniomba ukiwa umesimama, nikakunyima.