Alikuwa Anasimama

Bibi hakukusudia kusikiliza, ila mama aliyekaa mbele yake ndani ya basi alikuwa na sauti. Alimpakata binti yake, miguu ya mtoto ikining'inia kama soksi zilizoanikwa.

“Alikuwa anasimama, dada! Amekakamaa kama ubao, lakini anasimama. Wamemchoma sindano ya kulegeza misuli, sasa hata hilo hawezi. Wameniharibia mtoto.”

“Hawajamharibu, mwenzangu,” akasema jirani yake wa kiti, ambaye mwanawe alipitia hayohayo. “Kilichokuwa kinamsimamisha ni kule kukakamaa. Sasa misuli imelegea, ndio wakati wa kumnyoosha na kumfundisha upya. Watu wa mazoezi wamesemaje?”

“Mazoezi gani? Daktari wa sindano kaniambia nirudi baada ya miezi mitatu.”

Jengo la sindano na jengo la mazoezi hayasalimiani, Bibi akawaza.

Jirani akashusha sauti. “Dada, miezi mitatu ndiyo dawa inakwisha. Atakakamaa tena.”

Uso wa mama ukachangamka. “Kweli? Basi acha ikwishe, asimame.”

“Shuka na mimi hapa, nikupeleke kwa watu wa mazoezi.”

Basi likasimama hospitali. Bila kuinuka, mama akaikusanya miguu ya mtoto pembeni, ili jirani apate pa kupita.