Kikombe cha Kamanda

— Kagonge wewe!

— Nigonge mimi? Si wewe unayejifanya ndugu yake?

Jirani tuliyemwita Redio na fundi viatu walikuwa wamesimama, kila mmoja akimsukumia mwenzake mlango ambao hakuna aliyetaka kuugusa. Ni mlango wa Kamanda, ng'ambo ya barabara, mbele ya benchi ninapouza kahawa tangu niache shule. Kila asubuhi aliufungua, akapokea kikombe chake, akarudi ndani. Siku hiyo jua lilikuwa limepanda na kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi mwangu. Jana yake aliniambia, "Kesho, binti, nitakwambia babu yako alibaki wapi." Babu alikuwa kwenye kikosi chake vitani, kile kilichopenya nyuma ya adui. Hakurudi. Bibi bado anampigia pasi shati lake.

— Kugonga hakusaidii, alisema Redio, mwenye habari hata za mambo ambayo hayajatokea. Watu wa kikosi kile walikuwa wakisimama mbali, kila mmoja akitaja jina lake la vitani, wakingoja.

— Na ukigonga?

— Utamkuta nyuma yako na kisu.

— Mzee wa kushikiliwa kwenda chooni! Kisu anakishikaje?

— Huyo alilala chini ya maji mtoni kutwa nzima, akipumulia bua.

— Mimi nilisikia wiki, alisema Dereva, aliyekuwa ameegemea teksi yake.

— Na mamba je?

— Wakampigia saluti!

Walicheka, kisha wote wakatazama mlango, kicheko kikafa.

— Jamani, kama amekufa mle ndani? niliuliza.

— Koma, binti, alisema Redio. Mtu aliyelipua lile daraja hafi kitandani. Aliwavusha vijana wake wote, akavuka yeye wa mwisho, daraja likaruka angani!

— Wote?

Tuligeuka. Bibi alikuwa amesimama nyuma ya benchi. Hakuwahi kufika kijiweni kwetu.

— Shikamoo, mama, alisema Redio.

— Marahaba. Nauliza, mwanangu. Kama aliwavusha wote, mume wangu alivukia wapi?

Redio akachungulia kikombe chake kitupu. Dereva akafuta kioo cha teksi kisicho na vumbi. Fundi viatu akashona kiatu alichokwisha kukishona.

Bibi akavuka barabara. Nilimfuata, kahawa ikinimwagikia vidoleni. Hakugonga. Alisimama mbali kidogo na mlango, akaita jina ambalo babu alipewa vitani kwa wembamba wake:

— Sindano!

Nikaushika mkono wake. Kisha komeo likalia.

Kamanda alitokea na magwanda yake ya zamani, vifungo vimefungwa kombo. Hakumwona Bibi wala mimi. Alitazama katikati yetu, kana kwamba kuna mtu pale.

— Sindano, nilikuamuru ulinde daraja mpaka nirudi kukuchukua. Nani amekuruhusu kuondoka?