Mistari ya Mwalimu Eleuterio

Padri wetu, majirani wa Kalubihan, na ninyi wageni mliovuka mto kutoka Tabukan, familia inawashukuru kwa kuja, na mnaosimama kule pembeni tunawaomba msogee ndani ya mstari wa uwanja, kwa sababu huyu tunayemuaga hakupenda kabisa kuona mtu amebaki nje wakati ndani kuna nafasi.

Baba yetu, Mwalimu Eleuterio Palmares, alizaliwa tarehe 20 Februari 1947 hapa Kalubihan, mkoani Iloilo, mtoto wa tatu wa mzee Simplicio, mkata miwa, na mama Consorcia, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo kama ilivyokuwa desturi, akasoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari mjini, akahitimu ualimu mwaka 1968, na mwezi Juni mwaka huo huo akaanza kufundisha michezo katika shule yetu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2012.

Uwanja huu lilipowekwa jeneza lake ulikuwa sakafu ya kuanikia mpunga tu, ina vikapu viwili vya kuchezea mpira wa kikapu lakini haina hata mstari mmoja, kwa hiyo kila pointi ilizaa ugomvi. Mwaka 1971 marehemu alikuja na kamba, chaki na ndoo ya rangi, akapiga mistari, kisha akawaketisha watu na kuwaeleza kila mmoja una kazi gani: duara la katikati ni la kuanzia, ili wote waanze sawa, eneo lililopakwa rangi chini ya kikapu ni la kupita, si la kuweka kambi, hata uwe mrefu namna gani, na ule mstari wa mtupo huru ni mahali ambapo mtu aliyeonewa anaachwa peke yake, hakuna wa kumsogelea mpaka mpira umtoke mkononi. Mstari wa pointi tatu ulipoingia baadaye aliupiga pia, akasema huu ni wa kumpa haki yake anayethubutu kurusha kutoka mbali.

Mstari wa pembeni ulipita mbele kabisa ya duka la akina Dumancas, na binti yao Felisa akamuuliza, "Mwalimu, sasa mimi nikitoka dukani nimetoka nje, au nimeingia?" Yeye aliyekuwa na jibu la kila mstari alikosa jibu la huo, akawa anarudi kila jioni kulitafuta, hadi tarehe 6 Januari 1973 walipofunga ndoa, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Arnel mwaka 1975, na mimi Nenita, ninayewasomea, mwaka 1978.

Hapa familia imekubaliana kutoruka jambo ambalo ninyi nyote mnalijua. Mwezi Mei 1996, kwenye fainali ya sikukuu ya kijiji, refa aliyealikwa kutoka mjini alizuiwa na mafuriko, na pande zote mbili, wapinzani wetu wa Tabukan pia, zikamwomba marehemu achezeshe, ingawa mwanawe alikuwa uwanjani, kwa kuwa walimwamini. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili, muda ukiwa ndio unakwisha, Arnel akarusha kutoka kwenye kona ile ya upande wa duka, mpira ukaingia, watu wakaanza kumbeba, na Baba akapuliza filimbi, akaonyesha vidole viwili, yaani pointi mbili na si tatu, maana unyayo wa Arnel ulikuwa umegusa mstari wa pointi tatu. Tukaingia muda wa nyongeza, tukafungwa. Arnel alimwambia mbele ya watu, "Baba, nani angeona?" Akajibiwa, "Mimi nimeona, mwanangu." Naye akasema, "Basi kaa na mistari yako."

Mwaka huo huo kaka alikwenda kufanya kazi melini, na hakumtupa mama, alituma kila alichoweza, lakini kila aliporudi likizo alipita njia ya nyuma ya duka ili asikanyage uwanja huu, na wawili hao wakasalimiana kama wageni, miaka na miaka. Sisi tulimsihi Baba aseme tu kwamba alikosea, yaishe, naye akatujibu, "Nikisema hivyo nitampata kwa uongo, na nitakuwa sijampata." Iliniuma sana, na nilimwona mgumu kuliko saruji hii.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa, akawa anapelekwa Iloilo mjini kusafishwa damu, na mwanzoni mwa mwaka huu, alipoona mwisho unakaribia, aliomba kitu kimoja, kwamba mistari iliyofifia ipakwe upya kabla hajalazwa hapa. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Machi 2023 akiwa nyumbani, akiwa na miaka sabini na sita, na hadi siku hiyo alikuwa akiuliza meli ya Arnel iko bahari gani. Kaka hakumkuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mliokesha nasi mkicheza karata na kunywa kahawa yetu chungu bila kulalamika, hasa kaka yetu mkubwa wa jirani, Manong Ponso, ambaye kwa heshima ya marehemu ameziondoa nguo anazoanika kwenye mstari wa pembeni kwa mara ya kwanza.

Wa mwisho kushukuriwa ni Arnel. Jana asubuhi alikuja na ndoo, akavua viatu, akaingia uwanjani, akaniambia, kama alivyozoea kuniita mimi mdogo wake, "Inday, nishikie kamba," tukapima kutoka chini ya kikapu kama tulivyofundishwa, na tulipofika kwenye ile kona mimi nilishikilia kamba tu, maana angeweza kuusogeza mstari kwa upana wa vidole vitatu tu na hakuna ambaye angejua. Alipiga magoti pale kwa muda mrefu, akilia, ndipo akapaka.

Pumzika kwa amani, Baba. Mstari uko pale pale.