Benchi Lililoshuka Kilima

Kila jioni, kabla baragumu la sala halijapulizwa, benchi letu hujaa. Liko kando ya barabara, chini ya kilima cha kanisa, mbele ya kibanda cha Lauina, anayetumiminia koko, kinywaji kizito cha kakao chenye chenga za kutafuna. Kushoto hukaa Tuilagi, tunayemwita Nahodha kwa kuwa zamani aliongoza mashua ya kijiji kwenye mashindano ya makasia. Katikati hukaa Fetu, dereva wa teksi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Kulia hukaa Pesamino, kiongozi wa kwaya, na mimi hujibana penye nafasi. Jioni ile wote tulikuwa tumemgeukia Pesamino, maana kesho yake alikuwa anakwenda mjini kupimwa moyo.

Madaktari wageni walikuwa wamemkuta na vali inayovuja. Mlango mmoja mdogo ndani ya moyo, upande wa kushoto, haukuwa ukifunga sawasawa, hivyo damu ikisukumwa mbele, nyingine inarudi ilikotoka. Walimwambia vali ya namna hiyo inaweza kushonwa ikafunga tena. Lakini walipomuuliza kama anachoka au anaishiwa pumzi, Pesamino alijibu kwamba hana shida yoyote. Na kweli, alipolala kitandani moyo ulionekana kumudu. Basi daktari akataka kuuona ukiwa kazini. Kesho angelazwa kwenye kitanda chenye pedali, akanyage kama mwendesha baiskeli, huku wakiupiga picha. Moyo ukielemewa, angepelekwa Nyuzilandi kushonwa mapema, kabla msuli wake haujachakaa. Usipoelemewa, angerudi nyumbani wamwangalie tena baadaye.

— Kwa hiyo ni mashindano, — alisema Nahodha. — Na sisi mashindano tunayajua.

Akaeleza mpango wake bila haraka. Pesamino alale mapema, asubuhi asinyanyue hata ndoo, kisha aanze kukanyaga taratibu kama mashua inayotoka bandarini. Redio akasema hilo halitoshi. Yeye alimpakia abiria mmoja aliyemweleza kwamba zile pedali ndizo zinazofua umeme wa kuwasha picha. Ukikanyaga kidogo, picha inakuwa hafifu, na daktari hawezi kumpasua mtu kwa picha hafifu.

— Wewe Redio, umeme wa nchi nzima unakatika, wao wategemee miguu ya Pesamino? — Lauina akamuuliza.

Kisha na yeye akatoa lake. Mlango wowote unaogoma kufunga unataka mafuta, kwa hiyo usiku huo mgonjwa ale nguruwe wa kuokwa, sehemu ya tumboni, asibakize. Nahodha akakubali haraka, kwa sharti kwamba sote tumsindikize kula.

Tulicheka. Pesamino alicheka pia, halafu akatazama ndani ya kikombe chake.

— Mimi nitakanyaga polepole tu, — alisema. — Wakiniambia ongeza, nitasema goti linauma. Wakinipasua kifua, sauti itarudi? Nani ataimbisha watu Jumapili?

Hakuna aliyemkatalia. Nahodha alimpiga bega, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Wakati huo basi linalotoka kwenye feri lilisimama, akashuka Meripa, dada mkubwa wa Pesamino, anayeishi ng'ambo, kisiwa cha Savai'i. Alikuwa hajafika kwetu kwa miaka kadhaa, na sasa alikuwa amekuja kumsindikiza mdogo wake hospitali. Pesamino alisimama kumpisha akae. Kwetu mwanamume anaweza kumbishia daktari, hata mchungaji akithubutu, lakini dada yake hambishii.

Meripa alipokea koko, akashukuru. Akapapasa mbao za benchi, akageuka kutazama kilima.

— Benchi hili si lilikuwa juu, pale ukutani mwa kanisa?

— Ndilo hilohilo, dada.

— Sasa kwa nini mlilishusha?

Redio akasema ni kwa ajili ya upepo. Lauina akamkumbusha kwamba upepo uko juu. Nahodha akasema ni kwa ajili ya koko, lakini Lauina zamani alikuwa akiuza kulekule juu, na alihama kwa kutufuata sisi. Nikataka kusema ni kwa ajili ya mabasi, nikakumbuka kwamba hatupandi basi.

Hapo kila mmoja wetu akakumbuka. Siku zile Pesamino alikuwa anachelewa kufika juu. Tukimngoja, koko inapoa. Siku moja mtu akasema tukutane chini, karibu na kwake, tukalibeba benchi na kulishusha, na hakuna aliyeuliza zaidi. Baada ya hapo Redio akaanza kumpandisha kanisani kwa teksi, kwa kuwa eti alikuwa anaelekea huko huko. Kisha kikaletwa kiti mbele ya kwaya. Tulisema ni heshima yake kama kiongozi. Zamani alikuwa akiimbisha kwa kurukaruka, shati likilowa.

— Umepanda lini kilima hiki kwa miguu? — Meripa alimuuliza, kwa sauti ya chini.

Pesamino alikitazama. Si kilima kirefu. Watoto hukipanda wakikimbizana.

— Sikumbuki, dada.

Baragumu la kwanza likalia. Redio alikwenda kuwasha gari ampandishe kanisani, kisha akalizima, akarudi. Lauina akamimina koko iliyobaki, chenga tupu, kwenye kikombe cha Pesamino. Nahodha alisogea mwishoni mwa benchi ili kaka na dada wakae pamoja.

— Kesho wakiniuliza tena kama nina shida, — alisema Pesamino, — niwaambie nini?

— Kanyaga kwa nguvu zako zote, — alisema Meripa. — Na kabla hujakanyaga, waambie habari ya benchi.