Essence ya Muvula wa Papa Zacharie

Kwenye kona moja ya Ngezi, mtaa wa Bunia, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kila asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Papa Zacharie huketi upande wa tofali kwa sababu ni mwepesi kuliko wenzake, na tangu alipomzika mkewe Bénédicte amezidi kuwa mwepesi. Siku hiyo alikuja na karatasi. Nyuma ya nyumba yake kuna muvula, mti mkubwa ulioinamia chumba anacholala. Mvua zilikuwa karibu, na tawi moja lilikuwa limekwisha kulia mara mbili kwa upepo. Aliita watu wa msumeno. Kabla hawajafika akaja agent, afisa wa mazingira, akamwachia karatasi. Papa Zacharie aliisoma polepole, kama anavyosoma zaburi:

— “Muvula. Essence protégée. Ni marufuku kukata bila permis.”

Litre, anayeuza essence, petroli ya pikipiki, kwa chupa kando ya barabara, aliacha kunywa kahawa.

— Essence? Ndani ya muti?

— Njo imeandikwa, Litre.

— Papa! Miaka yote unanunuaka kwangu, kumbe weye uko na pompe ya essence nyuma ya nyumba!

Karati, aliyechimba dhahabu mpaka magoti yakamkataa, alitikisa kichwa.

— Muti haizae essence. Muzizi njo inavuta. Kule Mahagi-Port, chini ya ziwa, kuko petrole. Muzizi imetembea.

— Mpaka Ngezi? Litre aliuliza.

— Weye ulitoka Mahagi na miguu. Muzizi ishindwe?

— Na inapandaka juu namna gani?

— Petrole njo damu ya udongo, na damu ni nzito kuliko maji, ndugu. Njo maana.

Mama Denise, muuza kahawa, alisogeza jiko lake la makaa mbali na Papa Zacharie.

— Mama, unakimbia nini?

— Papa analala chini ya muti ile. Koti yake inaweza kushika moto.

Papa Zacharie alinusa mkono wa koti. Lilinuka sabuni tu.

— Tutoboe kidogo, Litre alinong'ona. Mutaka cha muvunguni ainame.

— Ainame nani? Muti njo imeinama, juu ya kitanda yangu! Miye nimeuliza kitu moja: nikate, ao nisikate?

— Usikate! Karati alipaza sauti. Ikipasuka, Bunia yote inaenda mbinguni.

— Si wote, alisema Papa Zacharie. Weye bado hujatubu.

Gracia, aliyerudi juzi kutoka Epulu alikofanya kazi ya kulinda msitu, alikuwa amesimama akingoja kahawa. Aliomba karatasi, akaisoma, akacheka mpaka akafuta machozi.

— Bapapa, essence hapa ni aina ya muti! Muvula inalindwa, basi. Unaandika demande, barua ya kuomba, banakuya kuangalia. Kama ni hatari kwa nyumba, banaweza kukupa permis, ruhusa ya kukata. Tuandike sasa hivi.

Litre alizitazama chupa zake, asijue kama afurahi. Gracia akatoa kalamu.

— Jina, Zacharie. Parcelle, kiwanja yako, Ngezi. Sasa hapa: muti ilijiotea, ao ilipandwa? Nani aliipanda?

Karati, aliyekuwa na maneno ya ziwa zima, aliangalia ndani ya kikombe. Wote pale walikuwa wamemwona Bénédicte, mwaka ule yeye na Papa Zacharie walipokimbia vita kutoka Djugu, akiingia Ngezi na mche kichwani, ndani ya kopo la maziwa.

Papa Zacharie aliichukua karatasi, akaikunja taratibu.

— Mutoto yangu, na kama ni tawi moja tu, ile iko juu ya kitanda? Nayo banaombaka permis?

Gracia alifunika kalamu yake. Hilo, hata Epulu hawakumfundisha.