Mwalimu Hilari Tluway na Swali Lake Moja

Padri wetu, wazee wa Rhotia, mwenyekiti wa kijiji, walimu, ndugu na majirani mliofika, familia imenisimamisha mimi, Kasaine, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha ya mjomba wangu kama alivyoagiza mwenyewe, na kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kusoma nitasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu mliniomba jana niyaruke.

Marehemu Mwalimu Hilari Tluway alizaliwa tarehe 14 Aprili 1937 huko Kainam, Mbulu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Tluway na Mama Leonida, na mwaka 1945 wazazi wake walihamia hapa Rhotia kutafuta ardhi, wakafyeka, wakalima ngano na mahindi, wakajenga mji huu. Alifuatiwa na mdogo mmoja tu, Evarista, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1941, ambaye ndiye mama yangu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1948, akamaliza darasa la nane mwaka 1955, na Januari 1957 akajiunga na chuo cha ualimu. Wenzake walimjua kwa tabia ya kuuliza hata kengele ikishalia, mpaka padri mmoja akamwambia kwamba Mungu naye anahitaji kupumzika.

Julai 1958, marehemu akiwa bado chuoni, dada yake alionekana ana mimba, na ninyi mliokuwapo mnajua kilichofuata. Ilisemwa kwamba msichana ambaye hajaolewa akijifungulia ndani ya mipaka yetu mvua itakataa na ng'ombe watakufa, wazee wakakaa, wakakubaliana, na baba yake mwenyewe akamsindikiza hadi ukingo wa msitu, akamwachia blanketi, akageuka. Baba yangu mzazi, kibarua kutoka Singida aliyekuwa akichuma kahawa Oldeani, aliendelea kuchuma kahawa yake, maana desturi haikumfuata huko. Mama alivuka msitu akifuata njia ya ng'ombe, akapokelewa Nainokanoka na mwanamke wa Kimaasai aitwaye Nosim, ambaye hakumuuliza ametoka wapi mpaka alipokuwa ameshiba, na humo nyumbani mwa Nosim nikazaliwa mimi tarehe 19 Novemba 1958.

Mwezi uliofuata marehemu alikuja likizo, akakuta mahali alipokuwa akilala dada yake pamefungwa ndama. Alimuuliza baba yake, akaambiwa kwamba mtu mmoja hawezi kuamua jambo kama lile, akawaulize wazee. Wazee wakamwambia wao hawakumfukuza mtu, ni desturi. Katekista akamwambia aende akasali. Mama yake akamjibu kwamba chakula kiko mekoni, ale kwanza. Hapo ndipo alipolipata swali ambalo hakuliacha tena maisha yake yote, kwamba jambo likitendwa na watu wote, aulizwe nani.

Alianza kazi ya ualimu Januari 1959, akafundisha Endabash na Oldeani, na tarehe 27 Julai 1963 alifunga ndoa na Scholastika katika kanisa la Karatu, wakajaliwa watoto watatu, Josephati, Lusia na Rafaeli, ambao wote mnawaona hapa. Mwaka 1970 alihamishiwa Nainokanoka, na siku moja akipita kwenye boma la watu alimsikia mwanamke akimgombeza ndama kwa Kiiraqw, akasimama, akamtambua dada yake kwa matusi aliyokuwa akiyatumia mama yao. Mwaka huohuo aliniandikisha darasa la kwanza, nikiwa na miaka kumi na mmoja na miguu iliyozidi dawati.

Kitabu chake cha hadithi, Ng'ambo ya Msitu, kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1976, kikasomwa na wanafunzi wengi, na barua zikaja kutoka Bukoba hadi Lindi zikimsifu kwa kuwafanya watu wafikiri. Mama yangu hajui kusoma, hivyo nilimsomea mimi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba huyo msichana wa kitabuni analia mno, yeye hakulia, alikuwa na njaa, na akataka kujua kwa nini kaka yake aliyewauliza watu wote hakumuuliza yeye.

Tarehe 12 Machi 1979 Mzee Tluway alifariki, na mji huu ukawa wa marehemu. Kuanzia siku hiyo lango lilikuwa lake, na sitaficha jambo hilo kwa sababu tu amelala hapa. Wazee walimwambia kwamba Evarista anaweza kurudi, ila aje na kondoo na pombe ya asali, atakaswe, akiri kosa mbele ya watu, naye akapanda mlima kumpelekea dada yake maneno hayo. Mama alimuuliza jambo moja tu, kama naye anaona kwamba dada yake ana kosa. Mjomba, mtu wa haki, msomi, aliyewatoa machozi watu asiowajua, alimjibu kwamba jambo hilo lina pande nyingi na bado analitafakari. Mama akamwambia basi aende akatafakari. Niliumia sana siku ile, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza yeye.

Alikwenda kutafakari kweli. Mwaka 1980 alihudhuria semina ya uandishi wa filamu Dar es Salaam, na kwa miaka miwili iliyofuata aliandika muswada wa filamu aliouita Hodi, ambamo msichana anabisha mlangoni, walio ndani wanasikia, wanaonyeshwa nyuso zao mmoja mmoja, na filamu inakwisha kabla hajaitika mtu, ili atakayejibu awe mtazamaji. Ofisi moja ya filamu iliununua, lakini wakubwa wake wakamwambia kwamba filamu isiyo na funzo ni hasara kwa taifa, wakaimalizia wao. Tarehe 18 Agosti 1984 gari la sinema lilikuja Karatu, likaionyesha uwanjani, tukamwona binti wa pwani aliyevaa khanga mbili katika baridi ya Rhotia, mwenyekiti wa kijiji akahutubia, mlango ukafunguliwa, msichana akapiga magoti, akaomba msamaha, ngoma ikapigwa. Mlipiga makofi. Wapo waliofuta machozi ambao mwaka 1958 walikaa kwenye kile kikao, na mmoja alinishika mkono mimi, nikiwa nimesimama nyuma ya gari na lubega yangu, akanipongeza kwa kuwa na mjomba mwenye kipaji. Marehemu aliondoka kabla taa hazijawashwa, na Scholastika anasema alichorudia njia nzima ni kwamba wamemfanya msichana ndiye aombe msamaha. Hakuandika tena.

Septemba 1987 alianza kusumbuliwa na tumbo, akatibiwa Karatu, akapelekwa Moshi, ambako Februari mwaka huu madaktari waligundua uvimbe uliokwisha kuenea, wakamruhusu arudi nyumbani. Mwezi wa tano aliniita, akanituma nikamwambie mama kwamba amemaliza kutafakari, na kwamba mama hana kosa lolote, hakuwahi kuwa nalo. Nilimkuta mama akikamua, nikampa ujumbe, akaendelea kukamua, akasema nimwambie amesikia.

Juma lililofuata aliwaita wazee kitandani, akawaambia kaburi lake lichimbwe nje ya ua, hapa kando ya barabara, mahali pasipo pa mtu, ili dada yake aweze kusimama penye kaburi lake bila kondoo, bila pombe na bila ruhusa. Waliokuwapo wanakumbuka mzozo uliozuka, kwamba mwenye mji hazikwi nje kama mpita njia, kwamba ni aibu kwa ukoo, kwamba homa imempanda. Aliwaambia safari hii haulizi. Alifariki dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1988, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na kaburi mnaliona lilipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Karatu na Moshi waliomhudumia bila kuchoka, inawashukuru walimu wenzake waliomtunza wakati wa ugonjwa na kulibeba jeneza, na inamshukuru Nosim, ambaye hayupo tena duniani, kwa chakula cha mwaka 1958. Majirani, tunawashukuru kwa kuni, maji, maturubai na vyakula, hakuna kilichopungua. Evarista Tluway amefika, amesimama pale penye udongo tangu asubuhi, na mpaka ninapoyasoma haya waliomsogelea kumpa pole ni Scholastika na padri, ambaye si mzaliwa wa hapa. Mimi si mwandishi na sina swali la kuwauliza.

Baada ya maziko mnakaribishwa nyote uani kwa chakula, isipokuwa mama yangu na mimi hatutaingia, tutaanza safari ya kurudi Nainokanoka.

Mjomba, ulichelewa, lakini ulitoka nje. Pumzika kwa amani.