Huruma ya Mwenye Ovaroli

Nyuma ya kiti changu kwenye basi, mama mmoja muuza mbao alimwambia abiria aliyeketi naye, mwanamume mwenye ovaroli, kwamba anakwenda kuangalia pikapu ya turbo inayouzwa.

"Achana nayo, dada," mwenye ovaroli akasema. "Turbo ikichoka, injini inakunywa oili, na moshi unakufuata mpaka msibani. Tafuta isiyo na turbo. Hiyo utaiendesha mpaka upate wajukuu."

"Wajukuu ninao. Na hiyo yako, ukiipakia mbao, mlimani inapitwa na punda."

"Bora kupitwa na punda kuliko kuvutwa kwa kamba, dada yangu. Mimi nakuonea huruma tu."

Huruma yenyewe ilikuwa nyingi mno kwa watu waliokutana vituo viwili nyuma. Nadhani mama naye aliinusa.

"Kwani wewe ni fundi?"

"Najuajua."

"Na leo unakwenda wapi, kaka?"

"Kuangalia gari."

"Lina turbo?"

Mwenye ovaroli akageukia dirishani, ingawa nje kulikuwa na ukuta mtupu.

Basi liliposimama, waliinuka pamoja. Mama ndiye aliyetangulia kushuka, na kwa mtu mwenye wajukuu, alikimbia vizuri sana.